Jicho la Pili la Vichochoro

Haya nimeyapata kwa fundi cherehani anayenishonea, Jumatano iliyopita, alipokuwa akinipima mikono ya gauni. Yanamhusu mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima unamwita Vichochoro.

Saa kumi na moja alfajiri, Vichochoro anaamka kwenye chumba cha nyuma cha duka la dada yake. Anasogeza marobota ya vitambaa, anafungua kompyuta ambayo bawaba yake imefungwa kwa kipande cha lastiki ya sketi, anatazama kama kuna aliyemjibu. Hakuna. Anaifunga, kisha anaifungua tena.

Kazi yake ni programu ya ramani ya simu. Inamwonyesha mtu njia ya miguu, hadi ule uchochoro wa kupita kwa ubavu, hata simu ikiwa haina bando. Haiuzwi. Yeyote anaweza kusoma jinsi ilivyoandikwa, akaichukua, akairekebisha. Wanaoiandika wanajitolea, wametawanyika nchi nyingi. Yeye ndiye mtunzaji.

"Bibi, wengi sijawahi kuwaona sura," aliniambia nilipopita kumjulia hali. "Ila najua nani huandika akiwa na njaa."

Wanaochanga kila mwezi ni watu mia mbili na kumi na mmoja, wengi wao bei ya soda mbili. Robo tatu inalipia kompyuta ya kukodi inakohifadhiwa ramani. Kinachobaki ndicho mshahara wake. Dada yake anasema yeye hukipata kwa kubadilisha zipu tu.

Zamani walikuwa wawili. Mwenzake, binti aliyesoma naye, ndiye aliyebuni sehemu ya kuchagua njia. Fundi humwita wifi, ingawa hakuna posa iliyopelekwa popote.

Miaka mitatu iliyopita, kampuni moja ya kusafirisha vifurushi iliahidi kuwalipa mshahara wote wawili, kwa sharti programu ifungwe iwe mali yake. Wanachama, yaani wale wanaochanga, wakapiga kura. Binti alitaka wakubali. Mama yake alikuwa mgonjwa. Vichochoro alikataa. Waliokataa walishinda kwa kura moja.

"Kura yangu," anasema. "Hakununa. Aliniambia, 'Haya, umeilinda, itunze.' Mwezi uliofuata akaenda kuajiriwa mbali."

Wanaoiandika programu wana utaratibu wao: hakuna badiliko linaloingia kwenye programu mpaka lisomwe na jicho la pili. Lakini ile sehemu ya njia hakuna mwingine aliyeielewa, kazi zikarundikana. Mwezi uliopita Vichochoro akachoka kusubiri. Akajifungulia akaunti ya jina jingine humo humo, kama kwamba ni mtu wa pili, akajisomea kazi yake, akajipitishia.

Wiki ileile, programu ikampeleka mkunga wa mtaa wa pili kwenye geti la uwanja wa shule. Lina kufuli, na mwenye uchungu yuko upande wa pili. Mkunga alizunguka nusu saa. Alimkuta mtoto ameshazaliwa, salama, mikononi mwa jirani.

"Alikuja hapa dukani na mkoba wake," anasema Vichochoro. "Akaniuliza, 'Mwanangu, ramani yako haijui kufuli?'"

Aliliandika kosa lake lote pale wanachama wote wanaposoma. Watu kumi na tisa waliacha kuchanga. Akaandika rekebisho, na safari hii akaliacha lisubiri. Aliahidi kwamba asipopatikana msomaji hadi Ijumaa hii, sehemu ya njia ataizima. Ramani ibaki picha tu.

Jumanne mchana, wamemaliza kula, kompyuta ikalia. Ni jina la binti. Salamu hakuna.

"Mstari wa arobaini na mbili. Geti la kufuli na geti la komeo umeyafanya kitu kimoja. Komeo mtu hufungua mwenyewe. Rekebisha."

"Kakuandikia nini wifi yangu?" akauliza fundi.

"Habari za komeo."

"Miaka mitatu, habari za komeo?"

"Na kanikosoa, dada."

"Mbona sasa unacheka kama umelipwa?"

Akarekebisha, akatuma. Jibu likarudi neno moja: "Nimepitisha."

Mpango wake ni wanachama wafike mia nne, mfuko utoshe wawili. "Sitamwomba arudi, Bibi. Nitamwambia tu kwamba kiti kipo."

Kiti chenyewe kilikuwa kimelaliwa na nguo za wateja. Mchana ule fundi alisinzia, shavu juu ya cherehani, na alipozinduka alikikuta kitupu, kimefutwa vumbi. Kwenye kioo cha kompyuta, chini ya lile neno la binti, aliona mdogo wake ameandika: "Mama hajambo?"

Jibu lilikuwa bado. Vichochoro alikuwa juu ya marobota, viatu miguuni, uso kauelekeza kwenye kioo, amelala.