Tove Nørskov na kesi aliyokuwa ameshaijua

Saa moja kasoro robo asubuhi, Holstebro, mji mdogo ulio mbali na Copenhagen. Mvua inapiga dirisha la jikoni. Tove Nørskov, mwenye umri wa miaka 33, ameketi mezani na karatasi, kalamu na kahawa ambayo hajaigusa. Mbele yake, baba yake Egon, dereva mstaafu wa malori ya maziwa, ameishika saa ya kuchemshia mayai kama refa aliyeshika filimbi.

"Jiji la Odense," anasoma mzee. "Kwa mwaka watu wananunua baiskeli mpya ngapi? Dakika tatu. Haya!"

Tove anahesabu kwa sauti. Wakazi kama laki moja na themanini elfu. Katika kila watano, wanne wana baiskeli. Baiskeli hudumu miaka minane. "Elfu kumi na nane," anasema.

"Na zinazoibwa?"

"Baba, jamani..."

"Odense bila wezi! Hiyo Odense ya mbinguni, mwanangu. Rudia."

Hivyo ndivyo asubuhi zao zinavyoanza kwa wiki saba sasa, kabla Tove hajaenda kiwanda cha maziwa, ambako hupanga njia za malori 41. Analipwa krona 34,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Anachokitafuta ni kazi ya ushauri wa biashara huko Copenhagen, ambayo mwanzoni tu hulipa karibu krona 50,000.

"Si hela peke yake," anasema. "Nimepanga malori miaka tisa. Kila nikipeleka wazo kwa wakubwa, linakaa. Mwaka unaofuata linarudi limeandikwa na mshauri mwenye viatu vinavyong'aa. Nikasema, mbona mimi nisivivae hivyo viatu?"

Alisoma jioni miaka minne hadi akapata shahada. Lakini shahada haitoshi. Kampuni hizo humsaili mtu kwa kumpa kesi, yaani tatizo la kampuni fulani: faida imeshuka, kwa nini, na tufanye nini? Mwombaji huomba takwimu moja baada ya nyingine, hupiga hesabu mbele ya msaili, kisha hutoa ushauri. Yote hayo ndani ya nusu saa.

Kwa hiyo wanaojiandaa hutafutana mtandaoni na kusailiana wao kwa wao. Tove alikuwa amefanya kesi 63 alipokutana na kijana mmoja wa Aalborg. Kijana huyo alikuwa ametoka kusailiwa na kampuni ileile iliyokuwa imemwita Tove, na alikuwa ametia saini kwamba hatasimulia alichoulizwa.

"Akaniambia, 'Chukua kesi yenyewe, dada, kila mtu anafanya hivi.' Nikachukua."

Wiki moja baadaye msaili, mama wa makamo aitwaye Bodil Lykke, alimwekea mbele yake kesi ya kiwanda cha biskuti. Kesi ileile ya kijana wa Aalborg. Na kabla ya kuanza, akamwuliza swali ambalo kila mwombaji huulizwa: umewahi kukutana na kesi hii?

"Nikasema hapana," anasema Tove, akiitazama meza. "Neno moja. Lilitoka lenyewe, kama chafya."

Alianza vizuri. Akauliza bei, akauliza mishahara. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayefikiri, kwamba ikiwa robo ya biskuti zinavunjika njiani, basi tatizo ni maboksi.

Bodil akaweka kalamu chini. "Robo? Takwimu hiyo sijakupa."

"Masikio yalichemka. Nikamwambia nimekisia. Akanitazama tu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Tove ilikuwa ya dakika kumi na moja. Bodil alifunga jalada, akamshukuru na kumsindikiza hadi kwenye lifti.

Jumatatu alipoingia kantini ya kiwanda alikuta bendera ndogo za sherehe zimepangwa mezani, na keki. Baba yake alikuwa ameshawatangazia madereva wote, wenzake wa zamani, kwamba bintiye anahamia Copenhagen. "Mama Copenhagen!" alipaza sauti Bent, dereva mkongwe kuliko wote. "Utatukumbuka kweli sisi wanuka maziwa?"

Tove akawaambia amekosa, hesabu zimemchanganya kidogo. Wakamhurumia. Bent akamkatia kipande kikubwa kuliko vyote.

"Nikakila," anasema. "Mpaka chembe ya mwisho."

Uongo huohuo aliufikisha nyumbani. Mzee akauamini, akanunua ile saa, akaanza kumfundisha hesabu bintiye kila asubuhi.

Sasa kampuni ya pili imemwita. Na alipokubali kuyasimulia haya gazetini, Tove alijiwekea sharti: baba asiyasome kabla hajayasikia kutoka kwake. Asubuhi hii, baada ya baiskeli za Odense, anaweka kalamu chini.

"Baba, si hesabu zilizoniangusha."

Anasema yote. Saa ya mayai inalia, mzee anaizima kwa kiganja.

"Kwa hiyo wiki saba nakufundisha kujumlisha, na kujumlisha unajua."

"Najua, baba."

Mzee anasimama, anaosha kikombe chake. Anakiosha kwa muda mrefu sana kwa kikombe kimoja.

"Mimi niliwahi kuondoa lori na bomba halijafungwa," anasema akiwa bado amempa mgongo. "Lita elfu mbili za maziwa, barabara ya Struer, nyeupe yote. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilipiga simu mwenyewe." Anageuka. "Yule mama umemwandikia?"

"Bado."

"Unamngoja tarishi?"

Tove anachukua simu, anaandika mistari minne. Kwamba kesi alikuwa anaijua. Kwamba alidanganya, mara mbili. Aliyempa hamtaji. Haombi kitu. Anamsomea baba yake hadi mwisho: samahani kwa usumbufu.

"Futa hiyo. Si usumbufu, ni uongo."

Anafuta, anaandika vingine, anatuma. Hadi gazeti linakwenda mitamboni, Bodil hajajibu, na Tove anasema hamdai jibu.

Usaili wa pili ni Jumatatu ijayo. Tove atapanda treni ya alfajiri. "Wakinipa kesi ninayoijua, nitasema naijua, wanipe nyingine hata kama ni ngumu mara kumi," anasema. "Nikikosa, safari hii nitakosa kwa akili yangu mwenyewe."

Lakini Jumatatu iko mbali. Kwanza kuna saa tatu ya leo, kantini, wakati wa kahawa, na Bent, ambaye bado anaamini ni hesabu. Tove anafunga vifungo vya koti polepole, kimoja kimoja.

"Wataninyamazia wiki nzima," anasema. "Nawajua." Kisha anafungua mlango, anatoka mvuani.