Mistari ya Nyasi Mteremkoni

"Yaani mmegomea chakula cha serikali ili mje kula changu?"

Baba aliniuliza hivyo hata sijatua begi. Nilikuwa na maelezo mengi kuhusu sera ya kuchangia gharama za elimu, kuhusu haki, kuhusu wanafunzi waliopigwa mabomu ya machozi wakiwa na vitabu mikononi. (Mimi sikuwa na kitabu, lakini ningeweza kuwa nacho.) Hakuna hata moja lililojibu swali lake. Chuo kilikuwa kimefungwa, ilikuwa Machi, na sufuria ya ugali nyumbani Maguu ilikuwa ileile.

Ulikuwa pia mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milima yetu kwa mara ya kwanza, na pikapu zao na mizani yao wenyewe. Kabla ya hapo tuliuza kwenye chama cha ushirika tu, na baba alikilaani kila siku. Sasa alikuwa na soko huria, na alilitamka neno hilo kama watu wanavyotaja jina la mtakatifu. Mnunuzi mmoja alimwahidi, bila kushuka garini, injini ikiunguruma, kwamba angechukua kila punje atakayovuna. Ahadi hiyo ilimtosha. Aliagiza miche, na mahali pekee palipobaki pa kuipanda ni mteremko wa mama.

Mteremko ule ulikuwa wa ngolo. Kwetu hatulimi matuta; milima ni mikali mno, mvua ingeshusha shamba lote mtoni. Mwanamume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana mpaka mlima unafanana na karatasi ya hesabu. Mwanamke hufuata na jembe. Anachimba katikati ya kila mraba, udongo anaurundika juu ya nyasi, shimo linabaki kunasa maji, na juu ya kingo anapanda maharage. Maharage hayo ni yake. Ndiyo yaliyompatia mama dagaa wa usipa kutoka kwa wanawake waliopanda kutoka ziwani, na chumvi, na sabuni, na madaftari ya wadogo zangu. Kahawa ilikuwa ya baba, nayo hailiwi.

Baba hakumnyima mama shamba. Angemnyima wangegombana, na padri angeitwa. Alichofanya ni kutofyeka tu. Mgongo, alisema, unamuuma. Ulikuwa mgongo wa ajabu: ulimruhusu kupanda hadi barabarani kila siku kuulizia miche, lakini akigeukia mteremko unakaza. Bila nyasi kulazwa, mama hakuwa na pa kuchimba, na miche ingefika kabla ya mwezi kwisha.

"Si tufyeke sisi wanawake?" nilimwambia mama.

"Haifanyiki."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Haifanyiki tu."

"Mama, hiyo siyo sababu."

"Wewe ndiye uliyekwenda kutafuta sababu. Umerudi nazo ngapi?"

Nilikuwa nimeandika insha nzima juu ya mgawanyo wa kazi kati ya wanawake na wanaume vijijini, na mhadhiri aliisifu. Kwa hiyo nilichukua nyengo ya baba ya kufyekea, nikashuka. Siku ya kwanza nilifyeka kwa hasira, ya pili kwa nadharia, ya tatu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa malengelenge matupu. Baba alisimama kwenye mibuni yake na kikombe cha chai.

"Msomi! Unazifyeka au unazisomea?"

"Nazifyeka, baba."

"Mbona zimesimama?"

Zilipokauka, Jumamosi moja nikazilaza. Sikutumia kamba wala kipimo. Siku zote nilikuwa nimeambiwa kwamba jicho la mwanamume linatosha, nikaona langu halina upungufu. Jioni nilirudi nimeridhika kupita kiasi. Mama aliniwekea maji ya moto ya kuchovya mikono, akasema, "Umejitahidi," neno ambalo kwetu walimu humwandikia mtoto aliyeshika mkia.

Taabu ya milima yetu ni kwamba shamba lako linaonekana vizuri zaidi na watu wa ng'ambo ya bonde, na kanisa liko ng'ambo ya bonde. Jumapili watu walitoka misani, wakasimama uani, wakatazama. Mistari ambayo jana yake niliiona imenyooka, kutoka pale ilipindapinda kama mtu anayekwepa madimbwi. Kaka yake baba, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, hakujizuia.

"Mdogo wangu, hizo ni ngolo au njia ya mlevi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Ni binti yangu huyo," baba alisema.

"Haa! Binti ana shamba? Shamba la nani lile?"

Hapo akanaswa. Angesema la mke wake, wangeuliza mume yuko wapi. Angesema lake, basi na mistari ni yake. Aliteremka, akavuka bonde na suruali yake ya kanisani, na mgongo wake, akaanza kufumua nyasi zangu na kuzilaza upya.

"Hivi huko chuoni mlikuwa mnasoma nini, kama hata mraba hujui?"

Nilimpelekea nyasi kwa mafungu. Hakunitazama. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa uzuri namna ile akiwa na hasira kiasi kile.

Jumatatu alfajiri mama alikuwa mteremkoni na jembe, kabla mgongo haujakumbuka. Miche ilipofika katika viriba vyake ilikuta kila mraba umechimbwa, na mwanamume wa kufukia ngolo alizozilaza mwenyewe, kanisa zima likitazama, hajazaliwa. Baba alimgawia kaka yake nusu ya miche, nusu akaibana kati ya migomba.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki mjini, kwa wasomi wenzangu, kama ushindi wa fikra dhidi ya mila. Nilikiri, kwa ule unyenyekevu wa kujisifu, kwamba silaha yangu ilikuwa ubovu wa kazi yangu.

Mama alikuwa ameshazeeka siku mdogo wake aliponiambia, tukichambua maharage, kwamba mistari yangu ilikuwa imenyooka vya kutosha. Jumapili ile, kabla ya misa, yeye na mama waliteremka shambani wakaipinda kwa mikono yao.