Mkwaruzo Chini ya Mtutu

Fundi Mudathir wa Usagara, mjini Tanga, ana kasoro moja, na ukikaa naye dakika tano kwenye karakana yake utaijua: hawezi kuona chuma kichafu akakiacha. Mpelekee kitasa atoe ufunguo uliokatikia ndani, atakurudishia kitasa kinachong'aa kama sahani ya harusi. Mpelekee cherehani, itarudi imepigwa msasa mpaka jina la kampuni limefutika. Wengine hucheka, wengine hulalama, naye huwajibu kwa neno lile lile alilofundishwa ujanani kwenye karakana ya shamba la mkonge: kutu ni aibu ya fundi. Miaka arubaini kala kwa neno hilo na kasomesha watoto watatu. Ndilo lililokuja kumponza.

Kule Pangani, karibu na kivuko, anakaa Bi Zuleha, shoga wa marehemu mama yake Mudathir. Mama alipolazwa kwa ugonjwa wake mrefu, Bi Zuleha ndiye aliyemchukua Mudathir akamlea miezi sita, akamlisha na kumvisha kama wa tumbo lake. Wa tumbo lake hakujaliwa kumpata. Sasa ana miaka themanini na ushei, macho yote mawili yamefunga, ndugu zake wote wametangulia. Kilichobaki ni nyumba na gobore la babu yake, lile la kushindilia baruti kwa mdomoni, ambalo baba yake alikuwa akilipiga mwezi wa Ramadhani unapoandama, mji mzima ukajua kesho ni mfungo. Tangu baba afe halijapigwa. Tundu la moto limezibwa siku nyingi, na polisi wameliandikia karatasi kuwa halifyatuki.

Mwaka huu Bi Zuleha akaamua kulitoa zawadi kwa makumbusho ya mjini Tanga, kwa sharti moja: kikaratasi kitakachobandikwa pembeni kitaje kuwa limetengenezwa na babu yake. Afisa aliyekuja kulitazama, Wilfred, kijana wa Kibondei mwenye adabu zake, akasita. Kwenye mtambo wa kufyatulia pana muhuri wa taji, na taji ni la Ulaya.

"Bibi, neno la familia peke yake halitoshi," alimwambia. "Mtu mwingine aione alama ya fundi, anithibitishie, nami nitaandika. Isipopatikana, nitaandika bunduki ya Ulaya, fundi hajulikani."

Hajulikani! Bi Zuleha hakulala na hilo. Asubuhi akampigia simu Mudathir.

"Shikamoo mamkubwa."

"Marahaba baba. Wanakuletea gobore la nyumbani, nataka unitafutie aliyelitengeneza. Mimi namjua, lakini sikutajii, wala sikwambii pa kutazama. Nikikwambia watasema nimekupanga. Litazame kwa macho yako, uje useme ulichokiona."

"Nimesikia, mamkubwa."

"Mimi nikifa, Mudathir, babu hana pa kubaki isipokuwa kwenye chuma hicho."

Wilfred akalileta Jumamosi kwa gari la ofisi, na karatasi zake za ruhusa. Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu kaambiwa atazame. Hakuambiwa asugue. Hata neno "safisha" halikutajwa na yeyote. Lakini Mudathir alipolilaza lile gobore juu ya meza, akaona kutu na mafuta yaliyoganda meusi tangu enzi za wazee, mkono ukaanza kumwasha. Akang'oa pini mbili, akautoa mtutu kwenye mti wake. Chini kulikuwa kuchafu zaidi. Akapiga picha kwa simu, kama kawaida yake, ya kabla na baada, awaonyeshe wateja. Kisha akaubana mtutu kwenye jiliwa, akashika brashi ya waya, akamalizia na msasa.

Karibu na kitako paliota gamba la kutu, na ndani ya gamba palikuwa na michorochoro, utadhani kuku kapita kwenye majivu. Mudathir akadhani ni kutu iliyokula chuma. Akasugua mpaka pakawa laini, akapapangusa, akaridhika na nafsi yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake ya mwisho kwa wiki ile.

Jumapili akampigia Ernesti, mzee wa Muheza aliyestaafu idara ya wanyamapori, ambaye katika kazi yake alikamata magobore yasiyo na idadi. Akamweleza habari ya muhuri wa taji.

"Hilo taji lisikubabaishe," alisema Ernesti. "Hilo ni la mtambo tu. Mitambo ilikuwa ikiletwa kwa makasha, mafundi wa huku wakinunua, wakiunga na mitutu yao wenyewe. Ukitaka jina la fundi, vua mtutu kwenye mti, utazame chini upande wa kitako. Wengine waliandika huko, maana mkono wa mtu haufiki, halifutiki."

"Halifutiki," Mudathir akarudia.

Alikata simu akafungua ile picha. Akaivuta kwa vidole mpaka ikajaa kioo kizima. Chuoni alisoma, herufi za Kiarabu anazijua, na humo ndani ya kutu zikamtazama moja baada ya moja: Amali ya Sadalla, Pangani, yaani kazi ya Sadalla. Mwisho wa jina, kutoka herufi ya mwisho, kulikuwa na mkwaruzo mrefu uliokwenda upande mpaka ukingoni mwa mtutu. Akaenda kuutazama mtutu wenyewe. Ulikuwa unang'aa. Hapakuwa na Sadalla wala Pangani.

Mudathir aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mama wa watu kampa kitu kimoja tu akilinde, na kitu hicho kakifuta kwa mkono wake, tena akipiga mluzi. Nasma, mkewe, alimwekea wali wa nazi na changu wa kukaanga, Mudathir akaviacha vipoe.

"Umekuwaje?" Nasma akauliza.

"Tumbo."

"Tumbo gani hilo, mbona unaitazama simu kama mtu aliyepewa talaka?"

Na hapo, wenzangu, ndipo palipokuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupiga simu Pangani akasema, mamkubwa, nimeharibu. Ilikuwa njia fupi na chungu. Ya pili ndiyo aliyoifuata, maana fundi akishaharibu huona kila kitu kina dawa kwenye sanduku la vifaa.

Jumanne akafunga mlango wa karakana mchana kweupe. Akaiegemeza simu kwenye kopo, akachukua tindo ndogo na nyundo ya kutengenezea vitasa, akalichora jina upya, herufi kwa herufi, mahali pale pale, kwa kipimo kile kile. Ule mkwaruzo aliuona. Akauacha. Fundi gani mwenye akili zake anachora mkwaruzo? Akapaka chumvi na ndimu, akasubiri kutu changa iote, akapaka masizi. Alipomaliza, kazi ilikuwa safi.

Alhamisi wakaenda Pangani pamoja, yeye na Wilfred, gobore limefungwa kwenye blanketi kiti cha nyuma. Wilfred alikwisha kuyaona maandishi na alikuwa na furaha, njia nzima anamsifu. Kila sifa ilimwingia Mudathir kama mwiba wa samaki kooni.

Bi Zuleha alikuwa ameketi ndani juu ya kitanda cha kamba, amejifunga leso mpya.

"Shikamoo mamkubwa."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Nimeona jina, mamkubwa. Amali ya Sadalla, Pangani. Chini ya mtutu."

Uso wa bibi ukafunguka. Akacheka, akajipangusa machozi kwa ncha ya leso. "Umesikia, mwanangu Wilfred? Sikumwambia mimi. Ulimwengu mzima sikuwaambia. Haya, nipeni."

Wakautoa mtutu, wakamlazia mapajani. Hapo ndipo Mudathir alipojua asilolijua. Vidole vya Bi Zuleha havikupapasa wala kutafuta, vilikwenda moja kwa moja mahali penyewe, kama mtu anayeingia kwake gizani. Vikasimama juu ya jina. Vikapita mara moja, vikarudi. Kicheko kikamwisha polepole.

"Kali," alisema. "Herufi zina makali."

Kidole kikarudi mwanzo wa jina.

"Kila mwezi wa Shaabani baba alikuwa akivua mtutu huu ausafishe, ananipakata, ananishika kidole. Herufi nilizijua hapa kabla sijapelekwa chuoni. Zilikuwa zimelegea, zimelainika kama mbegu ya ukwaju." Kidole kikateleza mpaka mwisho wa jina, kikatafuta. "Na mkwaruzo uko wapi?"

"Mkwaruzo gani, bibi?" Wilfred akauliza.

"Babu alikuwa anamalizia herufi ya mwisho, mkunga akatoka akamwita: mtoto wa kiume. Mkono ukamruka, tindo ikateleza mpaka ukingoni. Akakataa kuusawazisha. Mkwaruzo ule ndio siku aliyozaliwa baba yangu. Hapana cheti, hapana kitabu, palikuwa na ule tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mudathir iliishia pale kwenye kitanda cha kamba. Akapiga magoti.

"Nimefuta mimi, mamkubwa. Kwa msasa. Nilidhani ni kutu. Nilipojua, nikaliandika upya nikakuficha. Mkwaruzo niliuona kwenye picha, nikauacha. Nilidhani ni kasoro."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Na sasa?"

"Naona zaidi."

Wilfred akaomba hiyo picha. Akaitazama kwa muda mrefu kwenye simu ya Mudathir, na hakumpigia kelele, ingawa ingekuwa afadhali. "Fundi," alisema, "picha hii peke yake ingenitosha. Ungeniletea hii, basi."

Bi Zuleha akageuza uso upande wa sauti yake. "Andika, mwanangu. Mtutu umetengenezwa na Sadalla wa Pangani. Maandishi yanayoonekana ni ya Mudathir wa Usagara, aliyeyafuta ya Sadalla mwenyewe."

Wilfred akamtazama Mudathir. "Niandike hivyo?"

"Andika."

"Mudathir wa nani?"

Akamtajia jina la baba yake. Wilfred akaandika, akauliza kama lina a mbili, Mudathir akamjibu.

Bi Zuleha hakumwambia nimekusamehe. Hakumwambia pia ondoka. Alikaa na mtutu mapajani, kidole chake kimesimama pale jina linapoishia, juu ya chuma kilichosuguliwa kikasugulika.

"Hiyo picha unayo bado?"

"Ninayo, mamkubwa."

"Wewe una macho. Niambie mkwaruzo ulivyokwenda."

Mudathir akaifungua picha. "Unaanzia kwenye mkia wa herufi ya mwisho," alisema. "Hapo una kina. Unashuka kidogo, unakwenda kushoto. Katikati unapungua, kama aliinua mkono. Halafu unaingia tena, unanyooka mpaka ukingoni."

Kidole cha Bi Zuleha kikaifuata sauti yake juu ya chuma laini, kikashuka, kikaenda kushoto, kikafika ukingoni.

"Umekwenda mbio," alisema. "Anza tena."

Akaanza tena.