Tangawizi Dirishani

Jikoni kwangu huku ugenini nimekata tangawizi ya dukani, iliyooshwa ikang'aa kama haijawahi kuona udongo. Harufu yake ikanirudisha Mamba, milimani kwetu, barazani kwa bibi.

Bibi anakata tangawizi za mbegu, kila kipande na jicho lake la kuchipulia. Mimi napaka majivu pale palipokatwa, kisha navipanga juu ya gunia, kivulini. Vidole vinaniwasha. Shamba limeshalimwa, wingu limetanda, na mimi nataka kupanda.

"Bibi, si tupande leo leo?"

"Acha kwanza kidonda kikauke, mjukuu wangu. Ukikifukia kibichi, kitaoza."

"Kitakauka lini?"

"We mtoto una haraka! Kitakauka kikikauka."

Huku, mama wa mlango wa pili kila tukikutana kwenye ngazi huniuliza kama nimeshazoea. Huwa natabasamu tu, napita.

Leo nimechagua kipande chenye jicho, nikakiweka dirishani juu ya gazeti. Majivu sina, huku hakuna anayepikia kuni. Chungu kipo, na udongo wa kununua, wa kwenye mfuko, upo.

Safari hii sina haraka.