Ngamia Aliyevikwa Kengele ya Mbuzi

Nakumbuka siku moja tamasha la filamu liliponiandikia maneno makali: "Picha nzuri, lakini sauti haijafikia kiwango. Rekebisha kwa siku kumi, la sivyo tutaiondoa."

Niliwaka, mwanangu. Nilikuwa nimerudi Isiolo kutoka Nairobi na diploma ya filamu, niliyojilipia kwa kubeba simiti. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika kamera kabla yangu. Nikasema hawa wanadharau filamu ya maskini.

Filamu yenyewe ilimhusu Mama Dahabo, mfugaji wa Sericho, akimtafuta ngamia wake aliyepotea kwa kufuata mlio wa kengele ya mbao. Nilipoirekodi nilitegemea maikrofoni ndogo ya kamera, na upepo ukameza kila kitu. Basi nikafuta sauti, nikaweka muziki, na kengele nikaitoa mtandaoni. Nani angejua?

Nikasafiri hadi Sericho kutafuta wa kuniunga mkono. Nikawaonyesha Mama Dahabo na majirani zake filamu kwenye kompyuta, nikingoja makofi. Kengele ilipolia, Mama Dahabo alicheka hadi akashika mbavu.

"Wewe Diploma, ngamia wangu amemeza mbuzi?"

"Mama, ni kengele tu."

"Kengele tu? Hiyo ni ya chuma, ya mbuzi! Nikifuata hiyo nafika kwa mbuzi za jirani, na ngamia analiwa na fisi. Na mbona mimi nafungua mdomo, inatoka gitaa?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi si mtu wa kukiri kosa upesi, lakini siku hiyo nilikiri. Kamati ya tamasha haikupima mfuko wangu. Ilisikia uongo uleule aliousikia mama huyu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila alfajiri, kabla upepo haujaamka, nilipiga magoti kando ya ngamia kurekodi kengele yake, simu yangu nimeivika soksi ya sufu. Maneno ya Mama Dahabo tuliyarekodi upya chini ya blanketi, na joto la Sericho wanalijua wenyeji! Hata ukimya wa pale niliurekodi. Siku ya tisa nikatuma.

Filamu ilibaki. Ukumbini, kengele ilipolia kwa mbali, watu ambao hawajawahi kumwona ngamia waligeuza vichwa kumtafuta.

Leo Isiolo nzima anayetaka kujua sauti huja kwangu, na wewe nakwambia bila kuficha. Kabla ya kukodi kamera kubwa, azima maikrofoni. Vaa hedfoni unaporekodi, si baada ya kufika nyumbani. Upepo ukivuma, ngoja. Na kabla kazi haijafika kwa kamati, msikilizishe mwenye sauti yake. Bajeti ndogo haimpi mtu ruhusa ya kumfanya mwenzake bubu.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungue masikio kabla ya kukufungulia milango, na kazi yako isikike hadi kiti cha mwisho.