Ngumi Kando ya Sahani

Jumamosi nilikuwa kwa mama lishe mmoja pale Soweto, Mbeya, na mpaka leo nacheka peke yangu!

Mzee wa meza ya jirani alimwambia, "Mwanangu, nina kisukari. Wali kidogo tu."

Mama akashika kifua kwa huruma. Wali wote akaurudisha sufuriani, akaleta sahani iliyofurika ndizi za kupika, viazi mviringo na magimbi. "Kula, babu. Hapo hakuna wali wala sukari!"

Mzee akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Umeifukuza mlangoni, imeingia dirishani! Hivi navyo tumboni ni sukari. Nami najidunga insulini kulingana na chakula. Nikikosea kukadiria, naanguka hapa hapa." Akakunja ngumi, akaiweka kando ya sahani. "Kliniki wamenifundisha: vyote kwa pamoja visizidi hii. Panapobaki, nijazie mboga za majani."

Mama akapunguza, akainama, akalinganisha, akapunguza tena. Sisi wengine tayari tulikuwa tumekunja ngumi, tunachungulia sahani zetu. Ugali wa dereva wa lori ulihitaji ngumi za ukoo mzima!

Mara akaingia mteja mpya, akaagiza ugali. Mama akamkazia macho: "Kunja ngumi kwanza!"

Jamaa akarudi nyuma hadi mlangoni.

Huku kwetu mgeni anapendwa kwa kujaziwa sahani, na upendo mama yule alikuwa nao tele. Kipimo je? Sote tuliingia nacho: mkono uleule tunaomegea ugali.