Karamu ya Garanti

Mpaka leo wako watu mtaani kwetu Nyamirambo wakisikia harufu ya pilau wananiuliza kama gari langu limeharibika tena, nami nacheka nao kwa sababu ukikasirika ndiyo wanazidi, lakini moyoni naungua, maana aibu ile hakuna aliyenitupia, niliitafuta mwenyewe, nikaipakia kwenye gari langu mwenyewe na kuipeleka mbele za watu ikiwa bado inafuka moshi.

Mimi ni Issa, fundi cherehani, mzaliwa wa Ujiji, na wakati huo nilikuwa na miaka michache tu Kigali, Kinyarwanda changu ni cha salamu na cha kupatana bei ya vitambaa. Na nikiri tu kwamba ni mtu wa shaka. Nikinunua sukari naipima tena nyumbani. Ukinisifia shati najiuliza unataka kukopa nini (na mara nyingi, nawaambieni, mtu alikuwa anataka kukopa). Halafu zile zilikuwa siku za vita kule kaskazini, vizuizi barabarani, kila ukipita unaulizwa unatoka wapi na umebeba nini, jirani anamtazama jirani kwa pembe ya jicho, basi mtu wa shaka kama mimi nikajiona ndiye mwenye akili peke yake mjini.

Sasa, nilikuwa nimenunua pikapu mpya, mpya kabisa, viti bado vina nailoni (nailoni sikuitoa, nikikaa nateleza, lakini sikuitoa), na nilikuwa nimeposa kwa Mzee Rajabu, babake Zaituni. Mzee alikuwa dereva wa malori zamani, alishawahi kukwama porini na gari bovu mpaka akawajua fisi kwa sauti zao. Hakuniuliza nasali wapi wala ukoo wangu ni upi. Aliniuliza, "Hilo gari lina garanti ya muda gani?" Nikamwambia mwaka mmoja tu. Akakunja uso. "Gari likifa bila garanti litakula duka, duka likiisha litamla binti yangu. Niletee garanti ndefu, ndipo tuzungumze." Nimpate Zaituni au nimkose, yote yalikuwa kwenye garanti.

Ndipo akaja Bonifasi.

Bonifasi ndiye aliyeniuzia gari, kijana wa Kabeza, mwembamba, mwenye tabasamu lisilozimika, na tabasamu lisilozimika kwangu ni dalili mbaya. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali hasa, r inakaa mahali pa l, lakini nilishazoea, akisema "rakini" mimi nasikia lakini. Akaingia dukani, akaegemea meza ya kukatia.

"Fundi, garanti imebadirika."

"Imebadilika vipi?"

"Zamani iko mwaka moja, basi. Sasa unaweza ongeza mbiri juu yake. Na moteri iko ndani, na gia iko ndani. Unachagua mwenyewe."

Moyo ukaruka, miaka mitatu, na injini (ndiyo moteri yao) ndani! Lakini palepale shaka ikaamka. Nani alishaona muuza magari akikuongezea kitu bila kukunyang'anya kingine?

"Na sharti?"

"Sharti iko moja tu, usifunguze moteri kwa fundi wa njiani. Basi kuja Jumamosi, saa ine asubuhi, patron mwenyewe, bosi yetu, atakuwa pare. Kira mutu akuje na karamu yake."

Nikajua! Nikajua pana kitu!

"Karamu?"

"Ndiyo. Bira karamu hakuna garanti. Patron anarudi Uraya siku ire ire, hatangoja mutu."

"Karamu yangu mwenyewe?"

"Yako mwenyewe, fundi. Mara ya kwanza sisi ndiyo turitoa, watu wakaenda nazo nyumbani! Zote! Patron arikasirika sana."

Nikawaza, ama kweli watu hawana haya, wanaalikwa wale, wao wanafunga na kwenda nazo nyumbani. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na iwe kubwa?"

"Hata kadogo inatosha. Rakini iwe nzuri, isiishe katikati. Na nyekundu hapana, nyekundu patron hapendi. Nyeusi ndiyo nzuri."

Akacheka, akaniaga, akaondoka, nami nikabaki nimeshika mkasi. "Hata kadogo inatosha"! Hayo si ndiyo maneno ya wala hongo dunia nzima? Na hebu ona uhodari wao, hawataki bahasha, wanataka walishwe, ili ukienda kushitaki uambiwe ulikaribisha wageni kwa hiari yako. Maneno yake mengine yote niliyasahihisha kichwani kama kawaida, lakini hilo moja halikuhitaji kusahihishwa, karamu ni Kiswahili safi, kila mtoto wa Ujiji anajua karamu ni nini.

Ningeweza kumkimbilia na kumuuliza, "Ndugu yangu, karamu ya nini?" Maneno matano tu. Lakini mtu wa shaka haulizi, akiuliza wataijua shaka yake. Nikajiambia penye udhia penyeza rupia, na kama wanataka karamu, wataipata ambayo hawataisahau. (Na kweli hawakuisahau.)

Nikaenda kwa Mama Zaituni kumwomba anipikie pilau. Sikumwambia neno lenyewe nililoambiwa, nikihofia atanusa hongo, na laiti ningemwambia, maana yule mama kazaliwa Kigali na angenisahihisha palepale, nilisema tu kwamba kampuni ya magari ina shughuli ya wateja na ingefaa tusiende mikono mitupu. Akaniuliza, "Wauza magari na pilau wapi na wapi?" Nikamwambia ndiyo ustaarabu wao mpya. Iwe nyeusi, nikasisitiza, nyanya usitie hata moja, mkubwa wao hapendi chakula chekundu. Akaguna, lakini akapika, sufuria lile la harusi, nyama ya mbuzi, vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa.

Nilidhani nitaondoka nalo peke yangu. Jumamosi asubuhi namkuta Mzee Rajabu amekwisha kaa mbele kwenye pikapu, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, ameshika fimbo. "Sufuria la nyumba yangu haliendi shughulini bila mwenyeji," akasema, "na hiyo garanti nataka kuiona ikiandikwa kwa macho yangu." Ningemwambia nini? Mzee yule alikuwa akichukia hongo kuliko nguruwe, alishawahi kupoteza kazi kwa kukataa kumlainisha mtu mpakani. Nikawasha gari. Njia nzima ya kwenda Kicukiro, kwenye ukumbi wao wa magari, naomba Mungu watu hao wale haraka na wanyamaze.

Langoni mlinzi akatusimamisha, kama ilivyokuwa ada ya siku zile, akazunguka nyuma, akagonga sufuria kwa rungu.

"Iko nini hii?"

"Karamu," nikamwambia kwa kukonyeza, nikijua naye yumo.

"Karamu?" Akafunua kifuniko, mvuke ukamvaa usoni, akachungulia ndani, akachungulia tena kama mtu aliyeangusha kitu kisimani. "Karamu iko wapi?"

Nikaona huyu naye anataka chake, nikamchotea kwenye kifuniko. Akatuachia tupite huku ameduwaa, anatafuna.

Ukumbini magari mapya yalikuwa yamesogezwa ukutani, yanang'aa, na katikati kuna viti, na wateja wamekaa kimya na nguo zao za kanisani. Wa kwanza kunitia wasiwasi alikuwa mama mmoja mnene aliyekuja na mkoba tu. Nikamtazama wa pili, mikono mitupu. Wa tatu, mikono mitupu. Nikafurahi, nawaambieni ukweli, nikajisemea hawa wote watakosa garanti kwa ubahili wao. Tukaliweka sufuria chini kati ya miguu yangu na ya Mzee, na harufu ikaanza kutembea kiti kwa kiti.

Patron, Mbelgiji mwenye miwani, akaeleza kwa Kifaransa, Bonifasi akafasiri, na yote yalikuwa yale yale aliyoniambia dukani, miaka miwili ya kuongeza, moteri ndani, gia ndani, sharti moja. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, hata akanipiga paja. Watu wakagawiwa karatasi. Kisha Bonifasi akatabasamu lile tabasamu lake na kusema, "Basi, kira mutu atoe karamu yake."

Nikasimama. Mimi wa kwanza! Nikashika kifuniko kwa mikono miwili, nikakiinua juu, mvuke ukapanda mpaka kwenye taa, nikatangaza kwa sauti ya bwana harusi, "Yangu hii hapa, nyeusi, na haitaisha katikati!"

Nikageuka kuwaona wenzangu walioshindwa. Wote walikuwa wamenyanyua mikono, na katika kila mkono mna kalamu. Kalamu ya wino. Yule mama mnene alikuwa akiichomoa yake kwenye kilemba.

Kama ningecheka pale, yangekwisha. Lakini mtu wa shaka akibanwa haamini kwamba amekosea, anaamini amechezewa. Nikamnyooshea Bonifasi kidole, kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia langoni, "Usinifanye mjinga! Si wewe uliyekuja dukani kwangu ukaniambia bila karamu hakuna garanti? Mlitaka hongo, hongo yenu hii, kuleni sasa!"

Tabasamu la Bonifasi likazimika, na kumbe lilikuwa linazimika. Patron akamuuliza kwa Kifaransa nimesema nini, na yule kijana akasimama pale, akiwa na kazi yake yote mdomoni, anatafuta namna ya kumfasiria bosi wake kwamba ameitwa mla rushwa.

"Anasema..." akaanza kwa Kifaransa, na mengine sikuyafuata, ila niliona Patron anatazama sufuria, anaivuta harufu, anacheka, na ukumbi mzima ukapasuka. Baadaye nikaja kuambiwa Bonifasi alisema hivi, mteja huyu amefurahi sana na garanti mpya, ametuletea chakula.

Mzee Rajabu hakucheka. "Issa," akasema taratibu, "Kinyarwanda *ikaramu* ni kalamu. Na hongo ni hongo. Ulinipandisha mimi, na sufuria la mke wangu, kwenye safari ya hongo?"

Nikageukia karatasi yangu. Kalamu sikuwa nayo. Kila mtu anaandika, mimi nimesimama na kifuniko, mpaka mkono mmoja ukanipenyezea kalamu nyeusi, na nilipoinua macho ni Bonifasi. "Saini, fundi," akanong'ona, "kabra patron hajaondoka." Nikasaini na vidole vya mafuta, karatasi ile mpaka leo ina doa. Watu wakala pilau wamesimama kati ya magari mapya, wakaisifu, Patron akaongeza mara mbili. Mzee peke yake hakugusa hata punje.

Kurudi nyumbani, kila shimo sufuria tupu likawa linagonga nyuma, nga, nga, kama linanisema. Tulipofika nikampa karatasi. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia.

"Gari lako limepata garanti," akasema. "Wewe ndiye huna. Mtu anayeona wizi kila mahali, siku moja atauona kwa mkewe. Nenda kwa yule kijana uliyemchafua. Akikudhamini yeye, nitakupa Zaituni. Asipokudhamini, usirudi."

Jamani, mmewahi kwenda kumwomba dhamana mtu uliyemtukana mbele ya bosi wake? Kesho yake nikavaa shati lile lile la jana nikaenda, na Kabeza kwenyewe niliona ni mbali kuliko Ujiji. Nikamkuta Bonifasi nje kwao, anafua shati. Nikamwomba radhi, nikajikanyaga, nikamweleza mambo ya Mzee na ya Zaituni. Akanisikiliza, akakamua shati, akalianika. Nikaanza kushuku kwamba ananyamaza makusudi ili nipandishe dau (tabia haifi siku moja).

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Rakini iko sharti moja."

Nikajua! Nikajua pana kitu!

"Sharti gani?" nikauliza, macho yamenitoka.

"Unirudishie karamu yangu."

Nikapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, na ilikuwamo. Ilikuwamo tangu Jumamosi. Mimi niliyesimama mbele za watu na kumwita mwizi, ndiye niliyeondoka na mali yake kifuani. Nilimrudishia nikiwa nimeinamisha kichwa, na siku hiyo nikala kiapo, na sijakivunja, kwamba neno nikilitilia shaka, kwanza namwomba msemaji alirudie, hata kama ni sheikh, hata kama ni askari, wacha anione kiziwi.

Bonifasi akaja kweli kwa Mzee Rajabu, na suruali iliyopigwa pasi, akakaa mkekani kati ya wazee, wakamuuliza ananionaje. Akatabasamu.

"Huyu ni mutu muzuri," akasema. "Rakini muangarie, ukimupa kitu anaenda nacho nyumbani."

Mzee Rajabu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Kicukiro, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akanipa Zaituni, nami nikaenda naye nyumbani.